Kishikio

Baba aliuweka ufunguo juu ya mfuko wa migebuka,
dakika moja tu, apate mikono miwili ya kulisukuma gunia la unga.
Alipoinuka kunyoosha mgongo, upepo wa Portland,
upepo usio na adabu, ukalibamiza buti.
Pwa.

Milango ilikuwa wazi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.
Tungeweza kuketi ndani, kufunga mikanda, kuwasha taa ya ramani,
tukaenda wapi?
Kitufe cha kufungulia buti kilikufa mwaka juzi
pamoja na redio. Shevrole ya kahawia,
tayari imekwisha kuzika mabwana watatu.
Na saa nne usiku winchi ya jiji ingepita kuzoa magari
ili theluji ifagiliwe.

Bwana Pelletier wa ghorofa ya chini alitoka na hanga ya waya,
akachokonoa penye kufuli
kama mtu mwenye nyama katikati ya meno.
Mama Asende alileta bisibisi na ushauri.
Bisibisi ilikuwa moja.
Fundi, kwenye simu, alitaja dola mia na themanini na tano;
Baba akamshukuru kwa Kiingereza kile safi
anachowawekea watu asiotaka kuwaona tena.

Mama ndiye aliyekumbuka kiti cha nyuma.
Ukivuta ulimi wa kitambaa, mgongo wake hulala.
Ukalala nusu, nusu ikakwama na kutu.
Tundu lililobaki lilikuwa la kipimo changu:
miaka tisa, mwembamba kama ufito.

"Nitaingia mimi."

"Hapana," alisema Baba,
upesi, kama ninakaribia sufuria ya mafuta.
Mama akamtazama. Wakatazamana kwa Kibembe,
lugha ambayo sikufundishwa.
Kisha akapiga magoti kwenye theluji, akanivua koti,
akanishika kifundo cha mguu.
"Sema nami. Usinyamaze hata kidogo."

Nikasema. Naona giza.
Nimegusa unga. Hili ni gurudumu la akiba, ni baridi.
Migebuka inanuka, Baba, inanuka Tanganyika nzima
iliyokaushwa, ikafungwa kwenye gazeti.
"Endelea. Hesabu."
Moja. Mbili. Tatu, kitu kimenichoma. Nne.
Nilipofika saba nikakiona:
kishikio cha kijani, kinang'aa chenyewe,
na juu yake gari dogo limefumbua mdomo.

"Baba, kuna mtu humu."

Mkono wake ukabana mguu wangu hadi nikalia.
"Mtu gani?"
"Wa kuchorwa. Anaruka nje, anakimbia."

Sasa aliyenyamaza ni yeye.
Nikavuta.

Kifuniko kikainuka, taa ya mtaa ikaingia,
na theluji, nyeupe juu ya nyeupe, ikaanza kuangukia gunia.
Bwana Pelletier alipiga makofi akiwa na glavu.
Mama alichukua ufunguo.
Baba hakuuangalia. Aliinamisha kichwa ndani ya buti,
mimi bado nimekaa kati ya samaki,
akashika kile kishikio, akakivuta,
akakivuta tena, ingawa palikuwa wazi.

"Wamekiweka kwa ndani," alisema.
"Mtu alikaa chini, akafikiri, akakiweka kwa ndani."

Usiku ule tulikula migebuka kwa ugali, vidole vikanuka hadi Jumatatu.
Mama alikuwa akikwangua ukoko, amenipa mgongo,
aliponiambia: kutoka Baraka hadi mpakani, saa sita,
ndani ya buti, yeye na mdogo wake Ebuela.
Ebuela alinyamaza kabla ya kufika.
Akaendelea kukwangua, na ukoko ulikuwa umeshaisha.

Tumebadilisha magari manne tangu siku ile.
Baba hagusi injini, haulizi maili.
Anakwenda moja kwa moja nyuma, anafungua,
anaingiza mkono mpaka begani, anapapasa.
Muuzaji hudhani anapima nafasi ya mizigo.
"Kubwa, eh?" humwambia.
"Inatosha watu wawili," Baba hujibu,
na muuzaji hucheka.